Mwali usiotoa mwanga: uchambuzi wa kisa cha Heidelberg, 1855

Robert Wilhelm Bunsen alipohamia Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, kufundisha kemia mwaka 1852, alikuta maabara iliyowekwa ndani ya jengo la zamani la watawa. Henry Roscoe, kijana Mwingereza aliyekuja kusoma kwake, ametuachia maelezo ya hali ilivyokuwa. Hakukuwa na gesi wala maji ya bomba. Wanafunzi walichemsha vitu vyao kwa taa za spiriti na moto wa mkaa, walitoka uani kuchota maji kwenye pampu, na chini ya sakafu waliyosimamia walikuwa wamezikwa watawa. Mabaki ya kemikali yalimwagwa juu ya mawe ya makaburi hayo. Bunsen alikuwa ameahidiwa jengo jipya. Jengo lilipoanza kusimama, mji nao ulikuwa ukitandaza mabomba ya gesi kwa ajili ya taa za barabarani, na bomba moja likaelekezwa maabara.

Kisa chenyewe kinaanzia kwenye bomba hilo. Gesi iliyopita humo ilitengenezwa ili itoe mwanga, na Bunsen hakuuhitaji mwanga wake. Alitaka joto: mwali mkali, uliotulia, usioacha masizi na usiong'aa kabisa. Uamuzi uliofanywa kati ya mwishoni mwa 1854 na masika ya 1855 ndio unaofanya kazi leo chini ya sufuria katika mamilioni ya majiko ya gesi.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kwa sentensi moja, kwamba Bunsen alivumbua kichomeo cha Bunsen. Sentensi hiyo inaficha karibu kila jambo la maana. Aliyekitengeneza kifaa kwa mikono yake hakuwa Bunsen. Wazo la kuchanganya gesi na hewa kabla ya kuwasha lilikuwepo kabla yake. Na faida kubwa kuliko zote iliyotokana na kichomeo kile haikuwa ile iliyotafutwa.

Gesi ya taa

Gesi ya wakati ule ilitokana na makaa ya mawe. Makaa yalifungiwa ndani ya chombo kisichoingia hewa, yakapashwa moto mkali, na mvuke uliotoka ukasafishwa lami na amonia, kisha ukahifadhiwa kwenye matangi makubwa. Karibu nusu ya ujazo wake ilikuwa hidrojeni, sehemu kubwa iliyobaki ikawa methani, na kaboni monoksidi ilikuwemo kwa kiasi cha kuua mtu. Ndani yake mlikuwa pia na asilimia chache tu za ethilini na mvuke wa benzini, na hizo chache ndizo zilizobeba kazi yote ya kuangaza.

Hidrojeni inapoungua peke yake haionekani kwa urahisi hata ukiikazia macho. Ethilini na benzini zina kaboni nyingi kwa kila hidrojeni. Zikifika penye joto kabla ya kupata oksijeni ya kutosha, molekuli zake huvunjika na kaboni hukusanyika kuwa chembe ndogo sana za masizi. Chembe hizo hupata joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi na kung'aa kwa rangi ya njano. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alikwisha lieleza jambo hili miongo kadhaa kabla ya Heidelberg: mwanga wa mwali unatoka kwenye vitu vigumu vilivyomo ndani yake. Mshumaa unaangaza kwa sababu hiyohiyo. Chembe zikifika ukingoni mwa mwali zikakuta oksijeni, huteketea na kutoweka. Zikipozwa kabla ya hapo, zinabaki kama weusi chini ya sufuria.

Mafundi wa taa za gesi walilijua hili kwa macho, hata kama si wote waliolijua kwa nadharia. Vichomeo vyao vilikuwa na tundu jembamba kama mpasuo, au matundu mawili yaliyoelekezwa yagongane, ili gesi itandazwe kuwa mwali bapa na mpana kama mkia wa samaki. Walichotaka ni masizi mengi yang'ae kwa muda, kisha yaungue yote. Kazi hiyo waliimudu vizuri sana.

Sasa chukua mwali huo uuweke chini ya kikombe cha platini chenye kemikali unayotaka kuipima kwa usahihi. Masizi yanaganda kwenye chombo na kuharibu uzito. Sehemu ya nishati inapotea pembeni kama mnururisho badala ya kuingia kwenye chombo. Umbo la mwali linabadilika kila mlango unapofunguliwa, na rangi ya njano inafunika rangi nyingine yoyote ambayo kemikali yenyewe ingeweza kuionyesha. Hilo la mwisho lilionekana dogo mwaka 1855, na ndilo lililokuja kuwa kubwa.

Hapa kuna jambo linalowakanganya wengi. Ukichoma ujazo uleule wa gesi mpaka uteketee wote, nishati inayotoka ni ileile, mwali uwe wa njano au wa buluu. Buluu haina "gesi kali zaidi". Tofauti ni mahali nishati inapotolewa na kasi inavyotolewa. Mwali wa njano hungoja oksijeni iufuate kutoka nje taratibu, kwa hiyo unarefuka, unatawanyika na kupoa. Mwali uliokwisha changanywa na hewa unamaliza sehemu kubwa ya kazi katika utando mwembamba usiofikia unene wa milimita moja, kwa hiyo joto linabanwa mahali padogo.

Njia zilizokuwepo

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alieleza kichomeo cha kuchanganya gesi na hewa katika kitabu chake cha mbinu za maabara cha mwaka 1827. Wazo lilikuwa hapo, tena limechapishwa. London walikuwa pia na kichomeo kingine: bomba pana lililofunikwa juu kwa wavu wa waya. Gesi iliingia chini, ikachanganyika na hewa ndani ya bomba, ikapita kwenye wavu na kuwashwa juu yake. Roscoe alileta kifaa cha aina hiyo Heidelberg.

Wavu ulikuwepo kwa sababu nzito. Mchanganyiko wa gesi na hewa ni kitu kinachoweza kulipuka, na mwali una tabia ya kusafiri kuelekea kule gesi inakotoka. Wavu wa waya huuzuia kwa kunyonya joto lake: moto ukijaribu kupenya kwenye vijitundu unapoa na kufa. Ni kanuni ileile ambayo Davy aliitumia kwenye taa yake ya usalama ya wachimba makaa mwaka 1815. Kwa hiyo aliyeweka wavu kwenye kichomeo alikuwa anaazima suluhisho lililokwisha kuokoa maisha ya watu migodini. Lilikuwa jambo la busara.

Bunsen hakuridhika nacho. Mwali uliokaa juu ya wavu mpana ulikuwa umetawanyika, uliyumba, na haukuwa na joto alilolitaka. Alimwambia Roscoe kwamba atafanya gesi iungue namna ileile bila wavu.

Kwa maoni yangu, kiini cha kisa kiko hapo. Kutambua kwamba gesi ichanganywe na hewa mapema hakukuwa jambo jipya. Upya ulikuwa kuuliza: tukiuondoa wavu, ni nini kitakachouzuia moto usirudi ndani ya bomba?

Kasi dhidi ya kasi

Jibu ni mwendo. Mwali ndani ya mchanganyiko uliokwisha andaliwa husonga kwa kasi yake maalumu. Kwa vipimo vya sasa, methani iliyochanganywa vizuri na hewa huwaka kwa kasi ya takriban sentimita 40 kwa sekunde. Hidrojeni hufikia mita 2 hadi 3 kwa sekunde. Gesi ya makaa, yenye nusu hidrojeni, iko katikati. Ikiwa mchanganyiko unapanda ndani ya bomba kwa kasi kubwa kuliko ile ambayo moto unashuka, moto hauwezi kuingia. Unabaki mdomoni, ukisukumwa juu na gesi huku wenyewe ukijitahidi kushuka, na mahali nguvu hizo mbili zinapolingana ndipo unapotulia.

Umbo la pembe (koni) la mwali wa buluu linatokana na mapambano hayo. Gesi katikati ya bomba inakwenda kasi kuliko ile inayogusa kuta, kwa hiyo katikati mwali unasukumwa mbali na pembeni unabaki chini. Mahali popote kwenye pembe ile, moto unapiga hatua kuelekea ndani kwa kadiri ileile ambayo mkondo unausukuma nje. Ukiongeza mkondo, pembe inarefuka na kuchongoka, ukipunguza, inafupika. Watafiti wa baadaye walitumia mwinuko wa pembe hiyo kupima kasi ya mwali wa gesi mbalimbali.

Kwa hiyo vipimo vya kichomeo si vya kubahatisha. Gesi hutoka kwenye tundu dogo sana chini ya bomba, kama mkondo mwembamba wenye kasi. Mkondo huo unapopita mbele ya matundu ya pembeni unaikokota hewa na kuingia nayo. Hakuna pampu wala feni. Msukumo wa gesi yenyewe ndio unaovuta hewa. Kisha bomba linahitaji urefu wa kutosha ili viwili hivyo vichanganyike sawasawa, na upana wa kadiri ili mchanganyiko usilegee. Bomba likiwa pana mno, mkondo unapungua kasi na moto unazama. Tundu la gesi likiwa kubwa mno, hewa inayokokotwa haitoshi na njano inarudi.

Aliyepewa kazi ya kuyageuza haya kuwa shaba na chuma ni Peter Desaga, fundi wa vifaa wa chuo kile. Bunsen alimweleza anachotaka mwishoni mwa 1854, jengo likiwa bado linajengwa. Maabara ilipofunguliwa masika ya 1855, Desaga alikuwa amekamilisha vichomeo 50 kwa ajili ya meza za wanafunzi. Maelezo ya kifaa yalichapishwa mwaka 1857, katika makala ambayo Bunsen aliandika pamoja na Roscoe kuhusu kazi nyingine kabisa, utafiti wa athari za mwanga katika kemia. Hakuchukua hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Hakutaka kufaidika kwa fedha kutokana na ugunduzi wa kisayansi.

Naona ni haki kusisitiza jina la Desaga. Anayejua ufundi wa chuma anafahamu umbali uliopo kati ya kusema "bila wavu" na kutoboa tundu la kipenyo kinachofaa, mahali panapofaa, kwenye bomba la urefu unaofaa, kisha kulirudia mara 50 na kila moja likawaka kama jingine. Uthabiti wa kifaa kile ulikuwa ndio sifa yake, na uthabiti hutoka mikononi mwa fundi.

Ndani ya mwali

Ukikitazama kichomeo kile kwa karibu kikiwa na hewa ya kutosha, utaona pembe mbili. Ya ndani ni ya buluu iliyokoza yenye ukingo mkali. Ya nje ni kubwa, ya zambarau hafifu, karibu haionekani. Katikati ya ile ya ndani hakuna moto hata kidogo. Kuna gesi na hewa tu, bado baridi, zikisubiri zamu. Kuna jaribio la zamani linalolionyesha hilo: toboa kijiti cha kiberiti kwa pini, kining'inize katikati ya mdomo wa bomba kabla ya kuwasha gesi, kisha washa. Moto unakizunguka kiberiti pande zote, nacho kinakaa hapo kwa muda bila kuwaka.

Hewa inayoingia kwa chini haitoshi kumaliza mwako, na ndivyo inavyotakiwa. Gesi ya makaa inahitaji hewa ya karibu mara 5 ya ujazo wake ili iungue yote. Methani inahitaji mara 9.5, propani karibu mara 24. Bomba linaleta sehemu tu ya hiyo. Pembe ya ndani inaunguza inavyoweza na kuacha kaboni monoksidi na hidrojeni, na hizo ndizo zinazomaliziwa kwenye pembe ya nje kwa oksijeni ya chumba. Mwishoni mwa karne ya 19 Arthur Smithells alizitenganisha pembe hizo mbili kabisa kwa kuzungushia bomba la kioo: ya ndani ikabaki chini, ya nje ikawaka peke yake juu ya kioo, na gesi iliyo katikati yake ikaweza kuchukuliwa na kupimwa. Sehemu yenye joto kuliko zote iko juu kidogo ya ncha ya pembe ya ndani, karibu nyuzi 1,500. Anayekigusisha chombo chake kwenye pembe ya ndani akidhani ndipo penye nguvu anapoteza joto na kuzalisha sumu.

Rangi ya buluu nayo haitokani na kitu kigumu kinachong'aa. Inatoka kwenye vipande vya molekuli vinavyoishi kwa muda mfupi mno wakati wa mwako, vya kaboni na hidrojeni, na vya kaboni mbili zilizoshikana. Kila kimoja kinatoa mwanga wa mawimbi yake maalumu. William Swan wa Uskoti aliipima mistari ya rangi ya mwanga huo katikati ya miaka ya 1850, akitumia kichomeo hikihiki kikiwa bado kipya.

Kasoro ya mfumo huu ilijulikana mapema, na wanafunzi wa kemia wanaijua hadi leo. Ukipunguza gesi huku matundu ya hewa yakiwa wazi, mkondo unazidiwa na kasi ya moto. Mwali unazama kwa mlio mkali na kuanza kuwaka chini kabisa, kwenye tundu la gesi ndani ya bomba. Unasikia sauti nyembamba ya kupuliza, unanusa harufu kali inayochoma pua, na bomba linakuwa na moto wa kuunguza vidole. Dawa yake ni kufunga gesi, kuacha bomba lipoe, kupunguza hewa, ndipo uwashe tena. Kuliondoa tatizo hili moja kwa moja kungehitaji kurudisha wavu. Bunsen alikubali hatari ndogo inayoonekana na kusikika ili apate mwali bora, na nadhani alipima sawa.

Mwali kama dirisha

Mwali usio na rangi yake una sifa moja ambayo mwali wa njano hauwezi kuwa nayo: kila unachokiingiza kinajitangaza. Chovya waya wa platini kwenye chumvi ya lithiamu uupeleke motoni, utaona wekundu uliokolea. Potasiamu ni zambarau hafifu, bariamu ni kijani cha tufaha, kalsiamu ni wekundu wa tofali, na shaba hutoa kijani chenye buluu. Rangi hizi zilijulikana zamani, lakini katika miali ya taa na spiriti zilikuwa zimechanganyika na mwanga wa moto wenyewe.

Bunsen alianza kuzitenganisha kwa kutazama kupitia vioo vya rangi na maji yenye nili. Gustav Kirchhoff, mwanafizikia aliyefanya naye kazi hapo Heidelberg, akamshauri aupitishe mwanga kwenye mche wa kioo, unaoutawanya kuwa rangi zake. Mwaka 1859 wakaanza, na mwaka 1860 wakachapisha. Kila elementi ilitoa mistari yake ya rangi, mahali palepale kila mara, iwe chumvi yake ni ipi na mwali uwe wa gesi gani.

Jaribio lao moja linastahili kusimuliwa taratibu. Walikuwa katika chumba chenye ujazo wa mita 60 hivi. Kwenye kona ya mbali kabisa na kifaa walilipua miligramu 3 za kloreti ya sodiamu iliyochanganywa na sukari ya maziwa, huku wakiutazama mwali usio na rangi mbele ya mpasuo wa spektroskopu, kifaa cha kutazamia mistari hiyo. Baada ya dakika chache mwali ukaanza kugeuka njano, na mstari wa sodiamu ukajitokeza kwa nguvu. Ulitoweka baada ya dakika 10. Kwa kupima ujazo wa hewa na kiasi kilichoweza kupita kwenye mwali, walihesabu kwamba jicho liliweza kuitambua chumvi ya sodiamu iliyo chini ya sehemu moja ya milioni 3 ya miligramu. Mizani yoyote ya wakati ule ilikuwa kipofu kwa kiasi hicho.

Mwaka 1860 walitambua sesiamu kwa mistari miwili ya buluu ambayo hakuna elementi iliyojulikana iliyoimiliki. Ili kuipata ya kushika mkononi, Bunsen alilazimika kuchakata takriban tani 40 za maji ya chemchemi ya Dürkheim, akapata gramu kama 7 za kloridi yake. Mwaka uliofuata ikaja rubidiamu. Kirchhoff naye akaonyesha kwamba mistari myeusi kwenye mwanga wa jua inalingana na mistari hiyohiyo, yaani sodiamu ile iliyogeuza mwali wa chumbani kuwa wa njano ipo pia kwenye jua. Tangu hapo, kujua nyota imeundwa na nini likawa swali lenye jibu.

Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwemo kwenye mahitaji ya 1854. Bunsen aliomba joto safi. Sharti la kutong'aa lilikuwa la kuondoa usumbufu, na hapo ndipo hazina ilipokuwa.

Mwanga unarudi

Miaka 25 baadaye, kijana kutoka Vienna, Carl Auer von Welsbach, alikuja kusoma kwa Bunsen kati ya 1880 na 1882. Alichunguza metali adimu za ardhini kwa kutazama mistari yake kwenye mwali, na akaona kwamba oksidi za baadhi yake zikipashwa moto hung'aa kupita kiasi. Akachovya kitambaa cha pamba kwenye myeyuko wa chumvi hizo na kukichoma. Pamba ikateketea, na kikabaki kiunzi cha oksidi chenye umbo lilelile la nyuzi. Alikivisha kama kifuko juu ya kichomeo cha Bunsen.

Hataza yake ya kwanza ni ya 1885. Mwanga ulikuwa wa kijani kibichi usiopendeza na vifuko vilivunjika kwa kuguswa, biashara ikafa. Hakuacha. Mwaka 1891 alipata mchanganyiko uliofanikiwa: asilimia 99 oksidi ya thoriamu, asilimia 1 oksidi ya seriamu. Sababu ya uwiano huo wa ajabu ni nzuri kuifahamu. Oksidi ya thoriamu inatoa mnururisho wa joto kidogo sana, kwa hiyo haipozwi na inakaa karibu na joto la mwali wenyewe. Lakini peke yake haina mwanga wa maana. Seriamu ndiyo inayoangaza. Ikiwekwa nyingi, inamwaga nishati nyingi na kukipoza kifuko, mwanga ukapungua. Asilimia moja inatosha kuangaza bila kukiua kiunzi kwa baridi.

Gesi ileile sasa ikatoa mwanga mara kadhaa kuliko mwali wa mkia wa samaki. Mwali wa njano ulitegemea masizi yanayozaliwa na kufa humohumo; mwali wa Auer ulikuwa na kitu kigumu kilichowekwa makusudi, kisichoungua, mahali penye joto kuliko pote. Taa za gesi zikaweza kushindana na balbu ya umeme kwa miongo mingine. Taa ya karabai ni ndugu wa kisa hikihiki: mafuta ya taa yanageuzwa mvuke, mvuke unakokota hewa, unawaka buluu, na kifuko kinang'aa. Thoriamu ina mionzi, ndiyo maana vifuko vingi vya sasa vinatumia itriamu.

Tathmini

Nikipima uamuzi wa 1855 kwa matokeo yake, naona nguvu yake ilikuwa kutenganisha kazi mbili ambazo moto ulikuwa unazifanya pamoja na vibaya. Mwali ukabaki na kazi ya joto peke yake. Mwanga ukakabidhiwa kitu kingine, chumvi kwenye waya wa platini au kifuko cha oksidi, na kila upande ukafika mbali kuliko ulivyowahi kufika ukiwa umefungamana na mwenzake.

Udhaifu wake ni kwamba kichomeo cha aina hii kimeshonwa kwa ajili ya gesi moja. Kasi ya mkondo, kipenyo cha tundu na kiasi cha hewa vyote vimepangwa kwa kasi ya mwali wa gesi fulani. Uingereza ilipohama kutoka gesi ya makaa kwenda gesi asilia kati ya 1967 na 1977, haikuwezekana kubadili kilichomo ndani ya mabomba tu. Gesi asilia ina karibu mara mbili ya nishati kwa kila ujazo na mwali wake ni wa polepole. Kwenye vichomeo vya zamani ungenyanyuka na kuruka kutoka mdomoni. Mafundi waliingia nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, kubadili vichomeo. Kwa sababu hiyohiyo jiko la gesi asilia likiunganishwa na mtungi wa propani bila kubadilishwa tundu hutoa miali mirefu ya njano: propani ina nishati zaidi ya mara mbili kwa ujazo na inadai hewa mara mbili na nusu, nayo hewa hiyo haipo.

Njano kwenye jiko inastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa kuwa mwako usiokamilika unaoleta masizi huleta pia kaboni monoksidi, isiyo na harufu. Chanzo mara nyingi ni kidogo: vumbi au utando wa buibui kwenye tundu la hewa, kichwa cha kichomeo kilichokaa upande, au tundu la gesi lisilo lake. Ila kuna njano nyingine isiyo na hatia. Chumvi ikimwagika, au vumbi likitimuka chumbani, mwali hupiga cheche za rangi ya chungwa kwa muda, na hiyo ni sodiamu ileile ya Bunsen na Kirchhoff. Kuzitofautisha ni rahisi: pitisha kitu safi cha chuma kilicho baridi kwenye ncha ya mwali. Njano ya masizi inaacha weusi. Ya sodiamu haiachi kitu, na inapita yenyewe baada ya dakika chache.

Leo nchi kadhaa zinajaribu kuingiza hidrojeni kwenye mabomba ya gesi asilia, na majaribio mengine yamefika asilimia 20 ya ujazo. Gesi ya Heidelberg ilikuwa na karibu nusu. Wahandisi wanakabiliwa upya na swali lilelile la Bunsen na Desaga, kwa sababu hidrojeni inauongezea mwali kasi na kuusogeza karibu na kurudi ndani ya bomba. Kwa mchanganyiko mdogo majiko yaliyopo yanahimili. Kwa hidrojeni tupu hayahimili, na baadhi ya wabunifu wanakwepa tatizo kwa kuacha kabisa kuchanganya hewa mapema: wanaitoa hidrojeni peke yake kwenye vijitundu vidogo ikutane na hewa nje, kama kwenye taa za kabla ya 1855. Hilo linawezekana kwa sababu hidrojeni haina kaboni, kwa hiyo hata ikichomwa kwa njia ya zamani haina masizi ya kutoa.